Lugha ya kubuni: undugu kwanza, msamiati baadaye

SWALI: Naandika riwaya yenye taifa la kubuni. Nataka liwe na lugha yake, kama lugha za Elfi za mwandishi Tolkien. Maneno ya familia na mipaka niyaanzeje?
Msomaji, Genkuru, Tarime

JIBU: Tolkien alitunga mizizi ya maneno, kisha kutokana nayo akaunda maneno ya lugha ndugu, kama Kikwenya na Kisindarini za Elfi. Baba ni *atar* kwa Kikwenya, *adar* kwa Kisindarini. Ukoo ni *nossë* na *noss*. Kwa upande wa mipaka, jina la mto *Glanduin* katika hadithi zake maana yake ni mto wa mpakani.

Wewe anza na desturi. Katika nyumba ntobhu ya Wakurya, mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari na kumwoa mwanamke mwenzake, na watoto wa huyo aliyeolewa huhesabiwa wa nyumba ya aliyeoa. Katika riwaya yako, watoto hao watamwitaje mwanamke aliyeoa: mama, bibi au baba? Amua hilo, ndipo utunge neno.

Mpaka nao una sura mbili. Wairege na Wanyabasi, koo za Wakurya, wako Tarime, Tanzania, wako pia Migori, Kenya. Mstari wa serikali umepita katikati ya ndugu. Kwa hiyo tunga maneno mawili: mpaka wa ukoo na mpaka wa dola. Wahusika wakiyagombania, riwaya imeshapata kisa.