Msala Mmoja, Watu Tisa

Ndugu mmoja anayehudhuria darasa letu ametuletea suala ambalo aliona haya kulisema mbele ya watu, akangoja mpaka wenziwe walipoondoka. Anakaa Mji wa Kale, Mombasa, katika nyumba aliyoachiwa na babake. Humo wamo watu tisa: mamake, ambaye ni mtu mzima mwenye magoti mabovu, yeye na mkewe, nduguye mdogo na mkewe, waliooana mwaka huu, na watoto wanne. Msala ni mmoja. Choo, birika na mahali pa kuogea vyote vimo ndani ya mlango mmoja, na mlango huo watazama ukumbini. Kabla ya alfajiri watu husimama kwa zamu, na mara mbili mwezi uliopita watoto walisali jua limekwisha kuchomoza. Mama aliteleza humo, na lau si birika alilolishika angalivunjika. Na mke wa nduguye, kwa kuona haya kumpita shemejiye hali kanga imelowa, huenda kuoga kwao, mtaa wa pili. Suala lake: je, auze kipande chake cha kiwanja apate kujenga msala wa pili? Na je, maji ya birika lile yafaa kutawadhia, hali watoto huchovya mikono?

Huenda akatokea wa kusema kwamba haya si maneno ya darasa. Salman Alfarisi (R.A.) aliambiwa kwa kejeli kwamba Mtume wao huwafundisha kila jambo hata namna ya kwenda haja, naye hakuona haya; alikubali kwamba ndivyo, akayataja waliyofundishwa. Na vitabu vya fiqhi ambavyo watoto wetu huanzia chuoni mlango wao wa kwanza katika ibada ni twahara. Lakini ingia nyumba zetu utazame fedha zimekwenda wapi. Utaona sebule ina mazulia na makochi yasiyokaliwa ila na wageni, na kule nyuma msala hauna taa, hauna hata msumari wa kutundika nguo. Wazee waliotutangulia hawakuwa hivyo. Magofu ya Gede, mji ulioachwa katika karne ya 17, yaonyesha vyoo vilivyojengwa ndani ya nyumba, na msikitini kisima na birika la kutawadhia.

Twaanza na suala la kiwanja, kwa kuwa ndilo lenye gharama. Twaonelea asikiuze. Msala wake haukuwa mdogo. Ila umebebeshwa kazi tatu kwa mlango mmoja: kwenda haja, kuoga, na kutawadha. Anayetawadha humzuia mwenye haja, na anayeoga huwazuia wote wawili. Katika watu tisa wa alfajiri, walio wengi hawahitaji kuoga. Wahitaji haja kwa dakika chache, kisha udhu. Basi udhu na utolewe nje ya msala. Mfereji mmoja uani, na mbele yake kiti cha saruji cha kimo cha goti ili mama aoshe miguu amekaa, na chini yake kijifereji cha kuondolea maji, watosha. Fundi wa siku mbili huimaliza kazi hiyo. Tena pana faida ya pili: wanazuoni wamechukia kumtaja Mwenyezi Mungu mahali pa haja, na mwenye kutawadha ni suna kwake kuanza kwa Bismillahi. Uani huitamka bila ya wasiwasi.

Baada ya hapo, choo na mahali pa kuogea vitenganishwe humo humo ndani kwa kiambaza kifupi cha matofali, cha kimo cha kifua, au hata pazia la mpira ikiwa mkono hauna kitu. Jambo la kuangaliwa zaidi ni mwinamo wa sakafu. Sakafu ya kuogea na iiname kiasi cha sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tundu lake lenyewe, si kuelekea chooni wala mlangoni. Mafundi wengi huweka tundu moja tu, tena chini ya mlango, na kila aogaye huwaachia wenzake dimbwi. Kutokana na dimbwi hilo ndiko hutoka wasiwasi: "Haya maji yaliyonirukia ni twahara au ni najisi?" Asili ya kitu ni twahara mpaka ionekane najisi yenyewe, na mtu hana haja ya kuosha nguo kwa dhana. Hata hivyo imepokewa katazo la kukojoa mahali pa kuogea, na sababu iliyotajwa ni hiyo hiyo ya wasiwasi. Watoto wafundishwe hilo mapema, na watu wazima pia wajiangalie.

Ama birika. Tulimwambia alipime. Akaleta jawabu: sentimita 60 kwa 60, na kwenda chini 50. Hizo ni lita 180. Katika madhehebu yetu ya Shafi, maji yaliyotimia kullateni hayaharibiki kwa kuguswa na najisi ila yakibadilika rangi, tamu au harufu. Yaliyo pungufu huharibika kwa kuguswa tu. Kiasi cha kullateni kwa hesabu iliyozoeleka leo ni kama lita 216, yaani birika la sentimita 60 kila upande. Basi birika lake halikutimia. Na wenye kutumia pipa la lita 200 wajue kwamba na wao hawakufika. Mkono wa mtoto ulio safi hauyaharibu maji; mkono wenye najisi huyaharibu yote, na katika watoto wanne nani atakayekaa kuikagua mikono? Mtume (S.A.W.) amemkataza hata mtu mzima aamkaye usingizini kuuchovya mkono wake chomboni kabla ya kuuosha mara tatu. Dawa yake ni nyepesi: birika litiwe kifuniko, na chini yake litobolewe litiwe mfereji. Kata isiingie tena ndani ya maji.

Kifuniko hicho kina kazi nyingine iliyo nzito. Mbu mweupe-mweusi anayeuma mchana hutaga katika maji masafi yaliyotulia, khasa ya birika na mapipa, na katika joto letu mayai yake huwa mbu kamili kwa muda wa kama juma moja. Mwaka 2004 homa ya chikungunya ilienea Lamu, na uchunguzi wa damu ulionyesha kwamba kadiri ya watu robo tatu walikwisha kuipata; Mombasa nayo ilipatikana mwaka huo, kisha tukaingia dengi mwaka 2013. Wazee wa Lamu walikuwa wakitia samaki wadogo katika birika za misala ili wale viluwiluwi vya mbu, na chini kabisa huzika bakuli la kaure ili samaki wapate maji hata birika likishuka. Sisi tumeacha samaki na kifuniko hatukuweka. Asiyekuwa na kifuniko na alimwage birika lake kila juma na kuzisugua kuta zake, kwani mayai hunata ukutani na hayafi kwa kukauka.

Na maji yenyewe tusiyafuje. Mfereji wa mji hautoi kila siku, kila mtu ajua. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja na akioga kwa pishi moja mpaka mudi tano, pishi hiyo ni mudi nne, nayo kwa madhehebu yetu haifikii lita 3 na nusu. Hatusemi kila mtu aweza hayo katika joto la Kaskazi, lakini ndoo ya lita 20 kwa mtoto mmoja ni israfu.

Sasa twaingia katika jambo la mama, na hapa twaomba msomaji asipite haraka. Sakafu za zamani za chokaa zilikuwa na ukwaruzo, na mtu aliingia na mtalawanda asiteleze. Siku hizi vigae vinavyong'aa ndivyo vinavyotafutwa, na vikilowa na kuingia sabuni huwa kama barafu. Anayenunua na anunue vigae vyenye ukwaruzo. Aliyekwisha kuweka vya kung'aa avifunike kwa mkeka wa mpira wenye matundu, usuguliwe kila siku usiote ukungu. Karibu na choo na mahali pa kuogea kitiwe chuma cha kushikia, kimo cha sentimita 80 au 90 kutoka chini. Kuta zetu za mawe ya matumbawe na chokaa humomonyoka, kwa hiyo parafujo fupi hazifai; fundi atumie ndefu zinazofika katika jiwe, kisha mtu mzima aliye mzito akininginie kabla ya mama kukitumia. Choo cha kuchutama humtesa mwenye magoti. Kiti cha mbao chenye tundu, cha kimo cha sentimita 45 hivi, huwekwa juu yake mama akiingia na huondolewa akitoka.

Mlango ufunguke kwa nje. Mtu akianguka ndani, mwili wake huuzuia mlango ufungukao kwa ndani, na watu hubaki nje wakisikia sauti. Komeo liwe la kuweza kufunguliwa kwa nje kwa sarafu. Sabuni za unga na dawa za kusafishia zikae katika shubaka la juu wasipofika watoto, na dawa ya klorini isichanganywe kamwe na asidi ya kusafishia choo: hutoka hewa ya sumu yenye kuchoma mapafu.

Kibla tutakisema kwa ufupi. Makka iko kaskazini yetu karibu barabara, na ndiyo maana wazee wetu huuita upande wa kaskazini kibla. Ndani ya jengo, madhehebu yetu haiharimishi kuelekea huko wakati wa haja, ila kujiepusha ni bora. Basi anayejenga na amwambie fundi mapema kwamba choo kitazame mashariki au magharibi. Kugeuza kabla ya saruji hakuna gharama. Aliyekikuta kimekwisha kujengwa asikivunje, ageuke kidogo akaapo.

Zamu nazo zataka mpango. Mwenye kwenda skuli aoge usiku. Alfajiri atangulie mwenye janaba, kisha mama. Na katika Ramadhani watu wasisukumane saa ya daku, kwani aliyepambaukiwa na janaba saumu yake ni sahihi. Linalombana ni wakati wa sala. Tena kupaza sauti "Nani yumo?" humlazimisha aliye ndani kusema, na kusema chooni kwachukiwa bila ya dharura. Kibao kidogo kilichotundikwa mlangoni, upande mmoja chekundu na wa pili cheupe, humaliza neno hilo.

Limebaki la mke wa nduguye. Mtume (S.A.W.) ametahadharisha sana juu ya jamaa wa mume kuchanganyikana na mke, kwa hiyo haya yake si ya kuchekwa, ni haki. Ndani ya msala zitiwe kulabu za kutosha, mahali pakavu, ili mtu atoke amekwisha kuvaa. Na kati ya mlango na ukumbi kuwekwe pazia au kiambaza cha mbao. Kisha tulimwuliza ndugu yetu: nani huusugua msala huo? Akanyamaza, halafu akasema ni bibi-arusi, kila siku, kwa kuwa ndiye mdogo. Watu tisa huuchafua na mmoja huusafisha, tena yule asiyeoga humo! Mtume (S.A.W.), kwa khabari ya Bibi Aisha (R.A.), alikuwa katika kazi za watu wa nyumbani kwake. Zamu ya kusugua na iwafikie wanaume wawili wa nyumba hiyo kama ya wengine.

Tukamwuliza tena kama yuko yeyote aliyekwisha kumwuliza bibi huyo ni kitu gani khasa kimzuiacho kuoga nyumbani kwa mumewe. Akasema hakuna. Basi kabla ya kumwita fundi, na kabla ya kununua hata msumari mmoja, mkewe na amwulize.