Dondoo muhimu: Kusasisha programu za seva ya Debian

Programu iliyowekwa kwa apt isasishwe kwa apt hiyo hiyo, kwa sababu dpkg hutunza orodha ya kila faili; ukiweka toleo jingine kwa mkono juu yake, sasisho lijalo litagongana nalo. Utasema toleo la Debian limepitwa. Lakini namba tu ndiyo ya zamani; viraka vya usalama huingizwa humo humo. Kabla ya kusasisha, nakili hifadhidata na /etc kwenye diski ya nje, na ujaribu kuirejesha nakala hiyo. Endesha "apt update", kisha "apt -s full-upgrade", usome kitakachoondolewa; ukiridhika, iendeshe tena bila -s. Ukiulizwa kuhusu faili ya mipangilio uliyoibadilisha, jibu N ili yako ibaki.

Huku kwetu Chara usianze kazi hii Mto Tana ukiwa umefurika: barabara ya Garsen ikikatika, fundi hafiki. Chomeka seva kwenye UPS; umeme ukipotea hata hivyo katikati ya kusasisha, ukirudi endesha "dpkg --configure -a".