SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: NANI AMLIPE MTENGENEZAJI WA PROGRAMU?

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma waliajiri wapimaji wao wenyewe, wakawaweka penye vituo vya ununuzi ili mzigo upimwe kwa haki kabla haujafika katika mizani ya mfanyabiashara. Ujira wa wapimaji hao ulichangwa na wakulima. Kutokana na juhudi hizo vyama vya msingi vilienea, na mwaka 1955 ikaundwa Victoria Federation of Co-operative Unions, Paul Bomani akiwa mmoja wa viongozi wake. Mpimaji alimtumikia mkulima kwa kuwa mkulima ndiye aliyemlipa.

Siku hizi uzito, makato na malipo huingizwa katika kompyuta. Mwenye programu, basi, ameshika mizani. (Mchimbaji mdogo wa Geita hahitaji kufundishwa maana ya neno hilo.)

Mtengenezaji wa programu ni fundi. Hula kwa jasho lake, na kumtaka afanye kazi bure ni kumnyonya. Lakini programu inayotolewa bure nayo ichunguzwe, kwa maana huenda mapato yake yanatokana na kuuza majina, namba za simu na mavuno ya wanachama kwa wakopeshaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamlinda mwanachama dhidi ya jambo hilo. Hila nyingine ni ngumu zaidi kuitambua: kumbukumbu za chama hufungiwa ndani ya programu hata chama kisiweze kuhama. Msimu wa kwanza bei huwa ndogo. Baadaye ikipandishwa, Halmashauri haina la kufanya, maana daftari lote limo mikononi mwa muuzaji.

Njia ya haki ipo. Zahanati za Shinyanga na Geita hupeleka takwimu zao kwa programu iitwayo DHIS2, ambayo shina lake ni Chuo Kikuu cha Oslo, nao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuiendeleza. Haitozwi ada ya leseni, na maelekezo yake ya ndani yako wazi kusomwa na kurekebishwa. Fedha hutoka katika ruzuku, ada za mafunzo na mikataba ya huduma. Ruzuku ina udhaifu wake, kwani mfadhili akiondoka kazi hulegea. Ada ya huduma ni msingi imara zaidi.

Chama kimoja cha msingi hakimudu gharama hizo peke yake. Vyama vingi vikichanga kupitia chama kikuu, mchango kwa kila kilo uidhinishwe na Mkutano Mkuu na uandikwe katika stakabadhi ya mkulima. Mkataba nao utamke kwamba chama kikiondoka kitachukua kumbukumbu zake zote, zikiwa katika hali ya kusomeka kwingineko.

Maswali ya majadiliano:
Programu ya chama chenu inalipiwa na nani?
Muuzaji akiondoka kesho, daftari la wanachama litabaki wapi?