Mmea Usiojulikana

Nyuma ya shule moja palikuwa na shamba la mahindi lililolimwa na wanafunzi. Mvua zilinyesha vema, lakini upande mmoja mahindi yalidumaa, na majani yake yakawa manjano na kunyauka kana kwamba ni wakati wa ukame. Siku moja wanafunzi walipokuwa wakipalilia huko, waliona mimea ya namna mbili ambayo hapana aliyeijua.

Mmoja ulikuwa na majani yaliyogawanyika mfano wa vidole vya mkono. Ulinata ukishikwa, na harufu yake ilikuwa kali. Wa pili ulikuwa mfupi, wapata shibiri moja, wenye majani membamba na maua mekundu ya kupendeza. Mtoto mmoja akainua jembe aukate ule wa kwanza. Mwenzake akataka kuuhamisha ule wa pili, aupande mbele ya darasa uwe pambo.

Mwalimu akawazuia. "Ngojeni," akasema. "Mmea msioujua msiuhukumu kwa uzuri wake wala kwa harufu yake. Kwanza tazameni mahali unapoota, pili, majani, shina na maua, tatu, mizizi. Kisha mwulizeni mtu aujuaye."

Wakatazama. Ule wa majani ya vidole ulikuwa umeota popote, hata pasipo mahindi. Lakini ule wa maua mekundu ulikuwa karibu na mahindi tu, na palipokuwa na mingi ndipo mahindi yalipokuwa mabaya zaidi. Wakauchimbua muhindi mmoja taratibu, pamoja na mmea uliokuwa kando yake, wakasuuza udongo katika ndoo ya maji. Wakastaajabu kuona mizizi ya ule mmea imeshikamana na mizizi ya muhindi.

Wakati ule bibi mmoja mkulima alikuwa akipita njiani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu."

Wakamwonyesha mimea yao. "Huu wa vidole ni mgagani," akasema. "Ni mboga; huchemshwa ili uchungu wake upungue. Na huo mwekundu ni kiduha. Babu yenu aliliacha shamba zima kwa ajili yake. Tulidhani tumerogwa."

Basi mwalimu akaeleza. Kiduha si uchawi, bali ni mmea mwizi. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, nazo zaweza kulala udongoni miaka 10 na zaidi. Mizizi ya mahindi, mtama au ulezi inapokaribia, hutoa kitu kinachoziamsha. Ndipo huota, hujipachika katika mizizi hiyo na kunyonya maji na chakula. Mahindi huanza kudhurika hata kabla kiduha hakijatokeza juu ya ardhi. Shina moja laweza kutoa mbegu 50,000 na zaidi. Tena kiko kiduha kingine, kirefu zaidi, chenye maua ya zambarau.

Yule mtoto aliyetaka pambo akanyamaza.

Siku ile waling'oa viduha vyote kabla ya kutoa mbegu, wakavichoma moto. Wakatia samadi, kwa maana kiduha hustawi katika udongo uliochoka. Msimu uliofuata walipanda karanga mahali pale. Mizizi ya karanga huamsha baadhi ya mbegu za kiduha, lakini haiwezi kunyonywa nazo. Basi mbegu hizo huota na kufa. Kazi hiyo haimalizwi kwa mwaka mmoja, bali kila mwaka yapasa kutazama tena.

Nao mgagani uliachwa ukingoni mwa shamba, ukaliwa kwa ugali.

MASWALI

1. Kwa nini mwalimu aliwazuia wanafunzi wote wawili?
2. Ni ishara gani zilizoonyesha ya kuwa kiduha huyadhuru mahindi?
3. Kwa nini yafaa kung'oa kiduha kabla hakijatoa mbegu?
4. Tafuta shambani kwenu mmea usioujua. Andika mahali unapoota, na namna ya majani, maua na mizizi yake; kisha mwulize mzee jina lake.