Aya Iliyojificha Nyuma ya Ua: Somo la Kuingiza Mapambo ya Canva Kwenye Slaidi za Darsa



Ndugu msomaji, sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baada ya hayo, nimeombwa niandike somo dogo la namna ya kutengeneza mapambo kwenye Canva na kuyaingiza katika slaidi za darsa. Nimekubali, ingawa hapa chuoni wapo wanaoijua kazi hii kuliko mimi. Nilichowazidi ni kosa moja nililolifanya mbele za watu, na somo hili lote limetoka katika kosa hilo.

Yaliyonikuta

Muhula uliopita kitengo cha akina dada kilinipa darsa ya Jumamosi. Darsa zetu hapa Kampala huwa kwa Kiswahili, kwa sababu tumetoka Goma, Bujumbura, Kigali, Mwanza na Mombasa, na si wote tunaojua Kiganda. Mada yangu ilikuwa swala. Nikachagua aya ya 4 na ya 5 za Suratul Maun, nikakesha usiku wa kuamkia Jumamosi nikizipamba. Nilipata kiolezo chenye maua ya waridi pembeni, nikachapa aya kwa fonti ya Kiarabu iliyonipendeza, nikapakua kazi yangu kama faili la PowerPoint, nikalitia kwenye flashi. Kwenye skrini yangu ilikuwa imependeza mno.

Kompyuta ya ukumbini haikuwa na fonti ile. Ikaweka nyingine, yenye herufi kubwa zaidi. Mistari ikasukumana kuelekea chini, na aya ya 5 ikaingia nyuma ya ua. Ukutani ikabaki aya ya 4 peke yake.

Aliyesoma elimu ya kusimama na kuanza anajua uzito wa jambo hili, maana walimu wetu huutumia mfano huo huo. Aya ya 4 ikisomwa pekee, msikilizaji hupata onyo kali kwa wenye kuswali. Ni aya ya 5 inayobainisha ni wenye kuswali gani: wale wanaoghafilika na swala zao. Mimi nilikuwa nimesimama nimeupa ukuta mgongo, naendelea kueleza.

Mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza, hafidha kutoka Bujumbura, akanyoosha mkono. "Dada, samahani. Aya haijaisha."

"Nitaifikia, mdogo wangu," nikamjibu.

"Hapana, dada. Hapo ukutani ndipo haijaisha."

Nikageuka, nikaona. Badala ya kusimamisha darsa nirekebishe, nikacheka kidogo, nikasema, "Ni mambo ya kompyuta tu, wote mnajua kinachofuata." Nikaenda slaidi inayofuata. Wakati huo simu zilikuwa zimeshapiga picha.

Usiku ule nikapata ujumbe wa dada mmoja aliyesilimu miezi michache kabla. Hakuwepo kwenye darsa. Picha ilimfikia kwenye grupu la WhatsApp. Aliniuliza kwa adabu: mbona Qur'ani inawaonya wanaoswali, na yeye ndiyo kwanza anajifunza kuswali? Nilimpigia saa ile ile, nikamsomea sura nzima, nikamweleza. Alifarijika, alhamdulillah. Lakini siwajui wengine walioiona picha ile na hawakuwa na wa kumuuliza.

Kosa halikuwa la programu wala la kompyuta. Lilikuwa langu, mara mbili: sikujaribu slaidi kabla ya darsa, na nilipokosolewa nikapuuza. Tunaifahamu hadithi iliyomo katika Sahih Muslim kuhusu mtu apendaye nguo nzuri na viatu vizuri. Kupenda uzuri hakukuhesabiwa kuwa kiburi; kiburi kilielezwa kuwa ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Maua yangu hayakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa "mnajua kinachofuata".

Njia tatu, na tofauti zake

Ukimaliza kazi yako kwenye Canva, unabonyeza kitufe cha Share, kisha Download, halafu unachagua aina ya faili. Kwa slaidi, aina tatu ndizo zinazotuhusu.

Ya kwanza ni PPTX, yaani faili la PowerPoint. Uzuri wake ni kwamba maneno yanabaki maneno, unaweza kuyahariri. Udhaifu wake ni huo ulionipata: fonti isipokuwepo kwenye kompyuta ya ukumbini, hubadilishwa na nyingine, na kila kitu huweza kusogea. Kwa Kiarabu hatari ni zaidi, kwa sababu umbo la herufi hubadilika kulingana na mahali ilipo katika neno, na juu yake kuna harakati na alama za kusimama. Fonti isiyozijua alama hizo huweza kuziacha zikielea mahali pasipo pake, au kuweka visanduku vitupu.

Ya pili ni picha, yaani PNG au JPG. Hapa hakuna kinachosogea, kwa kuwa kila ukurasa umegandishwa. Lakini huwezi tena kurekebisha hata herufi moja. Ukikosea unarudi kwenye Canva. Kurasa zikiwa nyingi, hushuka pamoja ndani ya faili moja la ZIP, nawe utalifungua kwanza.

Ya tatu ni PDF. Fonti husafiri ndani ya faili, hivyo kwa kawaida huonekana sawa kwenye kompyuta yoyote. Unaifungua kwa skrini nzima na kuonyesha. Unachokosa ni mjongeo na nafasi ya kuhariri dakika za mwisho.

Njia ninayoitumia sasa

Mimi siku hizi nachanganya. Pambo linatoka Canva likiwa picha, maneno ya Kiswahili nayachapa kwenye PowerPoint, na aya inaingia peke yake. Hatua ni hizi:

1. Anza na kipimo. Kiolezo cha slaidi cha Canva huwa na pikseli 1920 kwa 1080, sawa na umbo la slaidi pana za PowerPoint, sentimita 33.87 kwa 19.05. Ukitumia kiolezo cha bango au cha Instagram, picha itakatwa au kuvutwa.

2. Chagua kiolezo, kisha futa maneno yake yote. Bakiza pambo tu, na uache katikati peupe. Pambo lenye alama ya taji ni la kulipia. Kwenye akaunti ya bure litashuka na chapa juu yake. Epuka pia picha za watu na wanyama pale utakapoweka aya.

3. Pakua kama PNG. Kurasa mbili zinatosha: moja ya kichwa cha mada, moja ya slaidi za ndani. Kuanzia hapa hutahitaji intaneti, na bando lako litapona.

4. Kwenye PowerPoint, usiibandike picha juu ya slaidi. Iweke nyuma kabisa: bofya slaidi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Format Background, kisha Picture fill. Ikiwa huko haiwezi kuguswa kwa bahati mbaya, wala haiwezi kufunika neno. Ua langu lisingeificha aya kama lingekuwa huko.

5. Andika vichwa na hoja kwa fonti ambazo huzikosi kwenye kompyuta nyingi, kama Arial au Times New Roman. Usishuke chini ya ukubwa wa 24. Aliyekaa safu ya mwisho naye ana haki ya kusoma.

6. Aya usiichape kwa mkono. Mujamma wa Mfalme Fahd wa Madina, unaochapisha mus-haf unaotumika duniani kote, umetoa pia fonti za maandishi ya Uthmani bila malipo. Ukiwa nayo kwenye kompyuta yako, nakili aya kutoka chanzo unachokiamini, iweke kwenye slaidi tupu, kisha hifadhi slaidi hiyo pekee kama PNG. Sasa aya ni picha, haitabadilika popote. Ukiwa na simu tu, piga picha ya skrini kutoka kwenye mus-haf wa simu unaouamini, ukate kingo.

7. Ingiza picha ya aya kwa Insert, kisha Pictures. Iweke pasipo na pambo. Chini yake andika jina la sura na namba ya aya, kisha tafsiri, na utaje ni tafsiri ya nani, iwe ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy au ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani. Aya ambayo maana yake hukamilishwa na inayofuata, ziweke zote mbili ndani ya picha moja. Atakayepiga picha slaidi yako ataondoka na maana kamili.

8. Hifadhi nakala mbili kwenye flashi: ya PowerPoint na ya PDF. Ya kwanza ikileta shida ukumbini, fungua ya pili.

Hatua isiyo ya kompyuta

Hatua zote hizo nane haziwezi kukwambia kama kasra imekaa mahali pa dhamma. Na harakati moja si jambo dogo. Katika aya ya 3 ya Suratut Tawba lipo neno lenye maana ya "na Mtume wake". Likisomwa kwa kasra mwishoni badala ya dhamma, maana inageuka kuwa Allah amejitenga na washirikina na pia na Mtume wake. Inasimuliwa kuwa kosa hilo ni miongoni mwa yaliyomsukuma Abul Aswad ad-Duali kuweka alama za irabu katika mus-haf. Wenzetu wa karne ya kwanza waliona hatari hiyo hata pale ambapo msomaji alikuwa Mwarabu.

Kwa hiyo kabla ya kila darsa, fika ukumbini nusu saa mapema, fungua slaidi kwenye kompyuta itakayotumika, na umweke mtu na mus-haf mkononi. Wewe soma ukutani, yeye afuate kwenye mus-haf. Asiwe wewe mwenyewe, kwa sababu aliyetengeneza huona alichokusudia.

Mimi ninaye. Ni yule yule mdogo wangu wa Bujumbura. Nilimwendea bwenini siku ya pili, nikamwomba radhi kwa kumjibu vile mbele za watu, nikamwomba awe mkaguzi wangu. Mara ya kwanza alinirudishia slaidi 3 kati ya 11. Sikucheka.

Allah atutakabalie tuliyopatia, atusamehe tuliyokosea, na atujaalie tuwe wenye kuyapokea makosa yetu yanapotajwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.