Popo: Maswali na Majibu ya Marudio

Maswali haya ni ya wanafunzi wa Kariokor wanaojiandaa kwa mtihani wa mazingira. Funika jibu, jaribu kwanza, kisha ujisahihishe.

SEHEMU A: MISINGI

1. Thibitisha kwamba popo si ndege. (alama 2)
Jibu: Popo huzaa, wala hatagi mayai, na mtoto wake hunyonya. Bawa lake ni ngozi iliyotandazwa baina ya vidole virefu.

2. Taja makundi mawili ya popo kulingana na chakula, ukitoa mifano ya Nairobi. (alama 4)
Jibu: (a) Wala-matunda, kama popo wa Wahlberg. Dume ana vishungi vyeupe mabegani, na usiku hujishikiza mtini akiita majike kwa mlio mmoja anaourudia kama kengele ndogo. (b) Wala-wadudu, wadogo, wanaojificha darini na kwenye nyufa za kuta. Hutoka magharibi kuwinda nondo, mbu na wadudu wengine.

3. Mla-wadudu huwindaje gizani? (alama 3)
Jibu: Hutoa sauti kali ambayo sikio la binadamu haliinasi, kisha husikiliza mwangwi wake na kujua mdudu yuko wapi. Donald Griffin na George Pierce wa Chuo Kikuu cha Harvard walizinasa sauti hizo mwaka 1938.
Tahadhari: usiandike kwamba popo ni kipofu, utapoteza alama. Wala-matunda wengi hutegemea macho na pua.

SEHEMU B: UTAFITI

4. Eleza jinsi watafiti wanavyochunguza popo bila kuwaua. (alama 5)
Jibu: Jioni hutega nyavu nyembamba karibu na maji au mkuyu wenye matunda. Anayenaswa hufunguliwa upesi na mtu aliyevaa glavu, akatiwa katika mfuko wa kitambaa na kupimwa uzito. Mtafiti hupima urefu wa kigasha, maana kipimo hicho husaidia kutambua spishi, na huangalia kama jike ana mimba. Kisha popo huachiliwa usiku uo huo. Wanaoruka juu kupita nyavu hutambuliwa kwa vinasa sauti. Kwa kazi ya watafiti kama Paul Webala wa Chuo Kikuu cha Maasai Mara na Simon Musila wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, tunajua kwamba Kenya ina zaidi ya spishi 100 za popo.

5. Onyesha uhusiano wa popo na mabuyu yanayouzwa mtaani. (alama 4)
Jibu: Ua la mbuyu ni jeupe, huning'inia, hufunguka jioni na halidumu. Popo wala-matunda hulifuata kwa ajili ya nekta, wakapakwa chavua usoni na kifuani, na kuipeleka kwenye mbuyu mwingine. Hapo ndipo tunda hutunga. Gome la mti huohuo liliwapa akina mama wa Ukambani nyuzi za kusukia viondo, bidhaa iliyolipatia umaarufu soko la Kariokor.

SEHEMU C: UHIFADHI

6. Kwa nini kundi la popo huchelewa kurudi likishauawa? (alama 2)
Jibu: Jike wa spishi nyingi huzaa mtoto mmoja tu kwa mimba, na wengi huzaa mara moja kwa mwaka.

7. Eleza funzo la Pemba. (alama 3)
Jibu: Kufikia mwisho wa miaka ya 1980, popo wakubwa wa kisiwa cha Pemba walibaki wachache sana kwa sababu ya kuwindwa na kukatwa kwa misitu. Wanavijiji, kama wale wa Kidike, waliamua kuwalinda. Baada ya takriban miaka 20 walizidi 20,000. Wenyeji wakiamua, inawezekana.

8. "Popo huleta maradhi, basi tuwaue." Jadili. (alama 6)
Jibu: Ni kweli baadhi ya popo wa mapangoni hubeba virusi vya Marburg; watu waliotembelea pango la Kitum, Mlima Elgon, waliugua mwaka 1980 na 1987. Lakini kuua si dawa. Baada ya wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, Uganda, kuugua mwaka 2007, popo wa humo waliangamizwa. Wachache waliorudi walikuwa na maambukizi ya takriban asilimia 13, ilhali awali yalikuwa kama asilimia 5, na mwaka 2012 Marburg ilizuka tena jirani, Ibanda. Kinga ya kweli ni kutoingia mapangoni ovyo, kutomshika popo kwa mkono mtupu, na kuosha matunda. Ukiumwa na popo, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha uende hospitali bila kukawia.

9. Popo wamehamia darini kwenu. Utafanyaje? (alama 4)
Jibu: Usiwachome wala kuwapulizia dawa. Subiri watoto waweze kuruka. Popo wote wakishatoka jioni, ziba mianya. Kinyesi chao kinyunyizie maji kabla ya kukifagia, ukiwa umefunika pua na mdomo. Ukishindwa, wasiliana na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Anayejibu hivi anastahili alama zote. Anayetenda hivi ameokoa kundi zima.