Dondoo muhimu: Kuchomelea alumini kwa leza

Kwenye Airbus A318 na A380, baadhi ya paneli za kiwiliwili zina mbavu zilizochomelewa kwa leza badala ya kupigwa ribiti, ili kupunguza uzito. Kazi hiyo haina nafasi ya uzembe. Fundi, zingatia haya:

- Safisha na ukaushe. Futa mafuta kwa asetoni, iache ikauke kabisa, kisha sugua kwa brashi ya chuma kisichoshika kutu inayotumika kwa alumini pekee. Brashi huondoa utando wa oksidi, ambao huyeyuka karibu nyuzi 2,050 za Selsiasi, ilhali alumini huyeyuka kwa 660. Unyevu hutoa hidrojeni, nayo huacha vitundu ndani ya mshono.
- Bana sawasawa. Mwanya usizidi takriban asilimia 10 ya unene wa bati lililo jembamba zaidi.
- Chagua waya. Aloi za kundi la 6000 hupasuka kwa urahisi zinapoganda. Waya wa 4043 au 4047, wenye silikoni nyingi, hupunguza nyufa.
- Inamisha kichwa cha leza kidogo. Alumini ngumu, kabla ya kuyeyuka, huakisi sehemu kubwa ya mwanga, na mwanga unaorudi huharibu lenzi.
- Linda macho. Mwanga wa leza ya faiba, karibu nanomita 1,070, hauonekani lakini hupofusha. Vaa miwani iliyotengenezwa kwa urefu huo wa wimbi. Kioo cha kawaida cha kuchomelea hakitoshi.
- Jaribu kwanza. Chomelea kipande cha majaribio, kikate, kisha kagua mshono kwa ndani.